Mbuzi, Sungura na Kobe: Tangi Lililokauka Kabla ya Kifusi

SHANGAZI: Karibuni, wasikilizaji, tuko Buffalo, Marekani, kama kawaida, na leo nimekuja na mikono inayonuka petroli, harufu ambayo Fundi ameinusa kabla hata sijavua koti.

FUNDI: Shikamoo, Shangazi. Harufu nimeinusa tangu mlangoni, ila habari yenyewe ninayo tangu uliponipigia simu Jumatano, na ndiyo maana nimeandika nyuma ya risiti hii mafunzo matano juu ya ulaji wa mafuta wa mashine za kuondolea theluji, ambayo leo tutayamaliza yote bila kupotea njia.

SHANGAZI: Marahaba. Tutayamaliza, inshallah, lakini niache kwanza nisimulie mkasa. Jumatano saa kumi alfajiri nilifungua mlango nikakuta theluji ya sentimita 30, iliyoletwa usiku kucha na upepo wa Ziwa Erie, na zamu yangu ilikuwa inaanza saa kumi na mbili. Nikamtoa bandani Mbuzi, ndiyo mashine yangu ya kuondolea theluji, nikampa petroli niliyokuwa nimeiweka tangu nilipokata nyasi mwezi wa tisa, nikabonyeza kile kitufe cha mpira mara tatu, nikafunga choki, nikavuta kamba mpaka bega likalia. Alipowaka nilirudisha choki, akazima; nikamwasha tena, nikarudisha, akazima tena. Mara ya tatu nikaiacha choki katikati, nikaanza kazi. Tangi lilikuwa na lita 2, na baada ya dakika arobaini na tano Mbuzi alikuwa ameyanywa yote, wakati sijafika kwenye kile kifusi cha theluji ambacho lori la mji la kusukuma theluji hukiacha mdomoni mwa njia ya kuingilia nyumbani.

FUNDI: Imeyanywa.

SHANGAZI: Umesema nini?

FUNDI: Nimesema mbuzi imeyanywa. Wewe mwenyewe uliipa mashine jina hilo kwa sababu skrubu yake ya mbele hukwangua theluji kama mbuzi ya kukunia nazi ikwanguavyo nazi, na mbuzi ya nazi ni kifaa, kwa hiyo upatanisho wake wa kisarufi ni wa vifaa. Husemi kwamba mbuzi huyu wa nazi ni butu.

SHANGAZI: Wasikilizaji, nishuhudieni. Mtu wa Moshi, ambako mbuzi anajulikana akiwa juu ya makaa tu, ananisahihisha mimi, mzaliwa wa Tanga, namna ya kumtaja mbuzi! Kifaa hakigomi asubuhi, hakikohoi, wala hakimwachi mwenyewe katikati ya baridi kwa sababu ya kiu. Huyu ni mnyama.

FUNDI: Basi tulitazame hilo kwa utaratibu, kwa sababu linahusiana moja kwa moja na funzo la kwanza. Mashine yako ni ya hatua mbili. Skrubu hukwangua na kuikusanya theluji katikati, na nyuma yake kuna feni yenye mabawa ya chuma inayoipokea na kuirusha nje kupitia bomba. Zile ndogo za hatua moja hazina feni, skrubu yenyewe ndiyo inayokwangua na kurusha. Kwa hiyo jina la mbuzi linaifaa ile ndogo zaidi kuliko ya kwako.

SHANGAZI: Ya kwangu ni mbuzi pamoja na mtu anayekuna. Mtu ana uhai, na upatanisho unafuata chenye uhai.

FUNDI: Tuirudie choki, tafadhali. Choki ni kibati kinachobana njia ya hewa kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ili injini ifyonze petroli nyingi na hewa kidogo. Inahitajika kwa sababu kwenye baridi kali petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, sehemu yake kubwa hubaki matone yanayonata kwenye kuta za njia ya kuingilia injini, na injini hupata njaa ingawa kabureta ina mafuta tele. Isitoshe, petroli inayouzwa hapa wakati wa kiangazi hutengenezwa iwe nzito kugeuka mvuke kuliko ile ya majira ya baridi, na wewe uliitilia mashine petroli ya mwezi wa tisa, ndiyo maana ilizima kila ulipofungua hewa. Lakini injini ikishafanya kazi dakika nne au tano inapata joto, na hapo choki inatakiwa ifunguliwe kabisa. Wewe hukuirudia tena.

SHANGAZI: Sikuirudia, nakiri. Nilikuwa natazama saa.

FUNDI: Ile petroli ya ziada ilikosa hewa ya kuungulia, ikatoka kwenye ekzosi kama moshi.

SHANGAZI: Hilo naweza kulithibitisha. Kulipopambazuka niliona upande wa kulia wa njia, mahali ekzosi inapoelekea, msitari mweusi juu ya theluji kutoka bandani mpaka pale Mbuzi alipokata roho, kana kwamba mtu ameburuta sufuria ya kuni. Jioni nilipofungua plagi niliikuta nyeusi na yenye unyevu, nikaipangusa kwa kidole, na masizi yakaingia kwenye kucha mpaka leo. Nikachukua tochi kutafuta chujio la hewa, nikidhani limeziba, nikazunguka mashine nusu saa bila kuliona.

FUNDI: Hukuliona kwa sababu mashine nyingi za aina hii hazina chujio la hewa. Wakati wa theluji hakuna vumbi hewani, na chujio lingejaa theluji likaganda. Ungeweza kutafuta mpaka Pasaka.

SHANGAZI: Mbuzi hana pua, basi.

FUNDI: Mbuzi haina pua.

SHANGAZI: Unaona ulivyo na moyo mgumu? Haya, tuambie, mnyama wa namna hii hunywa kiasi gani akiwa mzima?

FUNDI: Injini ya cc 208 kama hiyo, ya mipigo minne, ikibanwa kwa nguvu zake zote hutoa takriban kilowati 4, na injini ndogo zenye kabureta hutumia kama gramu 350 za petroli kwa kila kilowati kwa saa. Piga hesabu, utapata karibu lita 2 kwa saa. Lakini kazi ya kawaida uani haiibani hivyo muda wote, kwa hiyo mtu mwenye mashine nzima atarajie lita moja, au moja na kidogo, kwa saa. Wewe kwa mwendo wako wa Jumatano ulikuwa unakwenda zaidi ya lita 2 na nusu.

SHANGAZI: Na uzito wa theluji je? Maana theluji ya juzi ilikuwa nyepesi kama pamba, lakini kile kifusi cha lori, ambacho nilikimaliza kwa koleo, kilikuwa kama udongo wa kaburi.

FUNDI: Njia yako ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 3, na theluji ilikuwa sentimita 30, yaani mita za ujazo 18. Theluji nyepesi ina uzito wa kama kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo uliondoa kilo 1,800. Ingekuwa ya majimaji, yenye kilo 300, ungeondoa tani 5 na zaidi. Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Kuzirusha kilo 1,800 kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde kunahitaji nishati ya megajuli 0.2 hivi, ilhali lita moja ya petroli ina megajuli 32, na hata baada ya injini kupoteza robo tatu zake kwa joto inabaki na kama megajuli 8 za kuzungusha. Kurusha kwenyewe ni sadaka ndogo tu. Petroli yako inaliwa na msuguano, na mikanda, na skrubu inayosaga, na magurudumu yanayosukuma chuma, na injini kujizungusha yenyewe. Kwa ufupi inaliwa na muda, ndiyo maana nasema weka mkono wa mafuta kwenye sungura, umalize haraka, uzime.

SHANGAZI: Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri. Kwa wanaozijua mashine hizi, ule mkono wa mafuta una picha mbili, sungura juu na kobe chini. Mimi namweka kobe, au karibu yake, kila theluji inapokuwa nyepesi, na mafuta yanabaki. Kama petroli inaliwa na kujizungusha, kama ulivyosema mwenyewe, basi anayejizungusha mara 2,400 kwa dakika atakula pungufu ya anayejizungusha mara 3,600.

FUNDI: Atakula pungufu kwa saa, lakini atafanya kazi saa nyingi zaidi.

SHANGAZI: Umesema "atakula".

FUNDI: Itakula. Nimeteleza.

SHANGAZI: Kimerekodiwa, Fundi, na hakifutwi! Mbuzi amepata uhai kinywani mwa mtu wa Moshi!

FUNDI: Tuseme nimeteleza, lakini hoja haijateleza. Mzunguko ukishuka, feni inapoteza mwendo, theluji inaanguka mita mbili mbele yako badala ya mita tisa, na unaipitia tena njia ileile, kwa hiyo unalipia kazi moja mara mbili. Ikiwa na majimaji inaziba bomba, na hapo watu huingiza mkono, jambo ambalo sitaki kulisimulia zaidi ya kusema kwamba zimeni injini na mtumie kijiti. Zaidi ya hayo, injini hii hupozwa na hewa inayosukumwa na gurudumu lake lenyewe. Ukiibana kwenye mzunguko mdogo, inapata joto na haipoi. Kuna gavana ndani yake, na kazi ya gavana ni kufungua mafuta mzigo unapokuja na kuyafunga mzigo unapoondoka. Sungura si amri ya kunywa, ni ruhusa tu.

SHANGAZI: Hayo ni maneno ya mtu mwenye uwanja mpana kule kusini ya mji. Sisi wa upande wa magharibi njia zetu zimebanwa kati ya nyumba mbili, na mita tisa kutoka bomba langu ni dirisha la jikoni la jirani. Theluji ikianguka mita mbili mbele, hapo ndipo ninapoitaka. Halafu mimi nimepima. Nina kijiti cha mshikaki nilichokikata alama kwa kisu, nakichovya tangini kabla na baada. Wiki ya kwanza ya mwezi nilitumia sungura, mafuta yakashuka alama nne. Wiki ya pili nikatumia kobe, yakashuka alama tatu. Siku zote mbili theluji ilikuwa sentimita 15 juu ya kifuniko cha pipa la taka.

FUNDI: Kina si uzito, Shangazi. Sentimita 15 za pamba na sentimita 15 za majimaji ni mizigo miwili isiyolingana, na kifuniko cha pipa hakikukuambia ipi ilikuwa ipi.

SHANGAZI: Na wewe umepima mara ngapi?

FUNDI: Mimi nimezifungua injini hizi kwa miaka mingi.

SHANGAZI: Sikuuliza umefungua mara ngapi. Nimeuliza umepima mara ngapi.

FUNDI: Ya kwangu sijaipima.

SHANGAZI: Haya.

FUNDI: Kutopima kwangu hakukifanyi kijiti chako kuwa sahihi. Kipimo cha haki kingetaka theluji moja, njia ikatwe nusu kwa nusu, nusu kwa sungura na nusu kwa kobe, na petroli ipimwe kwa mililita.

SHANGAZI: Nusu ya kwanza injini ingekuwa baridi na ya pili ingekuwa moto, kwa hiyo ungesema tena kwamba si haki.

FUNDI: Ningesema hivyo, kwa sababu ingekuwa kweli.

SHANGAZI: Basi hakuna kipimo utakachokikubali ila kile kinachomsifu sungura. Mimi sihami.

FUNDI: Nami sihami. Kwenye theluji nyepesi, tena chini ya sentimita 10, naweza kukaa kimya, lakini kukaa kimya si kukubali.

SHANGAZI: Msikilizaji mmoja ametuandikia kuuliza kama mashine zetu zilisaidia kitu Novemba 2022, pale Orchard Park na Hamburg zilipopata theluji ya mita 2.

FUNDI: Hazikusaidia mpaka watu walipoishusha kwanza kwa koleo, tabaka kwa tabaka, kwa maana mdomo wa mashine ya nyumbani una kimo cha sentimita 50 hivi, na theluji ikiupita humwagika juu ya injini. Siku ile suala la mafuta lilikuwa kuyapata, kwa sababu barabara zilifungwa. Na hili linatupeleka kwenye funzo la pili, kuhusu petroli yenye ethanoli, ambayo...

SHANGAZI: Wenye zamu ya chumba hiki cha kurekodia wanagonga mlango, Fundi.

FUNDI: Ndiyo kwanza tumemaliza moja! Nisome angalau haya mafupi. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inafaa, yenye asilimia 15 hairuhusiwi kwenye injini hizi ndogo, na ikikaa miezi bila dawa ya kuihifadhi inaacha gundi kwenye kabureta. La tatu ni...

SHANGAZI: Wamegonga tena. Kunja risiti yako, hayo mengine utayasoma siku nyingine, au hutayasoma kabisa, maana nakujua. Utabiri unasema Jumamosi ziwa litatuletea theluji nyingine, na mimi nitakuwa nje na kijiti changu, choki ikiwa wazi na kobe akiwa kazini.

FUNDI: Nitakuja na chupa yenye alama za mililita, Shangazi, na nitakuja kabla hujamtoa bandani.

SHANGAZI: Hujamtoa!

FUNDI: Hujaitoa. Zima kinasa sauti.