Kuipita Nusu Gadi: Kwapa na Shingo Kabla ya Mguu

Walimu wangu, wachezaji wenzangu, na ninyi mliotoka kwenye judo ambao naona leo mmekuja wengi, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie gadi ngumu katika jiu-jitsu ya Kibrazili, yaani pale aliye chini anapomzuia aliye juu kwa miguu yake, na namna ya kuipita, yaani kuivuka miguu hiyo na kumdhibiti. Kwa kuwa gadi ni nyingi na muda ni mchache, nitabaki na moja tu, nusu gadi, yaani ile hali ambayo wewe uko juu, umekwisha kuuvuka mguu mmoja wa mpinzani, lakini mguu wako mmoja umebaki umebanwa kati ya mapaja yake. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayowakwamisha wengi wetu, na kosa linalofanyika humo ni lile lile mwaka nenda mwaka rudi: mtu akibanwa mguu, hushughulika na mguu.

Wana judo wana udhuru wao. Katika mchezo wao mwamuzi hahesabu kumlaza mtu chini ikiwa mguu wa aliye juu umenaswa, na akiona hakuna maendeleo huwasimamisha, kwa hiyo mchezaji amezoea kuuchomoa mguu upesi ili amshikilie mwenzake chini kwa zile sekunde 20 za ushindi. Jiu-jitsu ya Kibrazili haikukimbizi namna hiyo. Chini ya kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, pambano la watu wazima wa mkanda mweusi huchukua dakika 10, na anayeipita gadi akadhibiti kwa sekunde 3 hupewa pointi 3. Lakini ukiuvuta mguu kwa pupa ukapinduliwa, pointi 2 zinakwenda kwa mwenzako na wewe ndiye unayelala chini. Muda upo, basi tuutumie.

Zamani kidogo nusu gadi haikuogopwa na mtu. Mjini Rio de Janeiro, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilihesabiwa kuwa kituo cha mwisho kabla ya gadi kupitwa. Aliyefika hapo alikuwa anachelewesha tu. Ndipo Roberto Correa wa klabu ya Gracie Barra, anayejulikana zaidi kwa jina la Gordo, akaumia goti, na kwa kuwa hakuweza kucheza gadi yake ya kawaida akajifunza kukaa humo humo na kupindua watu kutoka humo. Baada yake wakaja wengine, na mwaka 2015 Bernardo Faria, ambaye nusu gadi ndiyo silaha yake kubwa, alitwaa ubingwa wa dunia katika uzito wake na pia katika kundi lisilo na mipaka ya uzito. Nayasema haya ili aliye juu asijidanganye kwamba amekwisha kupita nusu ya njia. Mbele ya mtu anayeijua nusu gadi, aliye juu ndiye anayewindwa.

Naomba kijana wetu alale hapa katikati ya mkeka. Tazameni mabega yake, msiitazame miguu. Amenibana mguu wa kulia, naye amelalia ubavu wake wa kulia, hakulala chali. Ugoko wake wa kushoto umekingama kifuani mwangu, goti likiwa juu na unyayo ukiwa kwenye nyonga yangu ya kulia. Hiyo ndiyo ngao ya goti. Mkono wake wa kushoto unalitafuta kwapa langu la kulia. Sasa namwachia aupitishe. Mmeona? Bega lake limenyanyuka, ameegemea kiwiko cha kulia, kichwa chake kimenifikia mbavuni. Kutoka hapo anaweza kunizunguka mgongoni au kunidaka mguu akaniangusha, nami kuuvuta mguu wangu kutamsaidia tu kuinuka. Miguu yake inanichelewesha, lakini anayenishinda ni huo mkono ulioingia kwapani.

Turudi mwanzo. Kazi ya kwanza ni ngao. Wengi huilalia kwa kifua wakidhani uzito utaivunja, ilhali ugoko ni mfupa na unabeba uzito mwingi bila mwenyewe kuchoka. Mimi nashusha nyonga, nakaa chini kuliko goti lake, kisha nalisukuma goti hilo kuelekea sakafuni, upande wake wa kulia, mpaka magoti yake mawili yalaliane, na papo hapo nayafunika kwa nyonga na ubavu wangu ili yasirudi. Sasa magoti yake yanatazama kulia, nami nitayapeleka mabega yake upande wa pili. Kiuno kikipindwa hivyo hakina tena nguvu ya kunisukuma.

Ya pili ni kwapa, na ya tatu ni shingo, ingawa kwa mtu mwepesi mambo haya mawili huenda pamoja. Mkono wangu wa kulia, yaani wa upande wa mguu ulionaswa, unaingia chini ya kwapa lake la kushoto, na kiwiko changu nakibana karibu na mbavu zake ili asipate mwanya wa kuurudisha mkono wake ndani. Mkono wangu wa kushoto unapita chini ya kichwa chake, na bega langu la kushoto linakaa chini ya taya lake na kuugeuza uso wake utazame kushoto. Viganja vyangu vinakutana nyuma ya bega lake. Mwambieni ajigeuze tena kwa ubavu wa kulia. Hawezi, maana mwili hukifuata kichwa, na kichwa chake kinatazama kwingine. Hakuna haja ya kumuumiza. Wapo wanaofurahia kumsugua mwenzao shavu mpaka ngozi ichubuke na kuliita hilo ufundi. Kwangu ni uhuni tu, maana bega likikaa mahali pake linatosha bila kusugua.

Nimeona mwalimu mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, na nadhani nalijua swali lake: je, akikutangulia kwapani? Basi, mwalimu, mkono wangu wa kulia utaufunga mkono wake kwa juu, juu ya kiwiko, nyonga yangu itamshukia, na kiganja cha kushoto kitakisukuma kichwa chake kirudi mkekani. Hiyo ni hali ya kujinusuru, si ya kukaa. Nikishamlaza, nauzamisha tena mkono wangu ndani kulitafuta kwapa. Lakini mkono wake ukiacha kupanda na badala yake ukakizunguka kiuno changu, ameniletea zawadi, kwa sababu naweza kukikamata kifundo cha mkono wake, nikakifunga kwa mikono yote miwili na kuukunja nyuma ya mgongo wake. Wana judo wanaufahamu mkunjo huo kwa jina la ude-garami, nao ndio mwana judo wa Japani Masahiko Kimura alioutumia kumvunja mkono Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, katika uwanja wa Maracanã mwezi Oktoba 1951, na tangu hapo wacheza jiu-jitsu huuita kimura.

Kuna pia yule anayejizamisha mzima mzima chini ya nyonga zako mpaka kichwa kikafika pajani. Dawa yake iko katika yale niliyokwisha kusema: kichwa kilichobanwa hakiwezi kupiga mbizi.

Sasa ndipo tunaufikia mguu. Kwanza linatoka goti, halafu ndio unyayo. Naegemeza kichwa mkekani, upande wa kushoto kwake, naziinua nyonga kidogo, na kukivuta kisigino changu cha kulia kielekee matakoni mwangu huku nikilitikisa goti mpaka litokeze juu ya paja lake. Hapo amebaki na kifundo cha mguu tu. Naligeuza goti kuelekea upande wangu wa kushoto na kulishusha mkekani, na unyayo wangu ulio huru unalisukuma goti lake la juu hadi mbano ulegee. Muda wote huo viganja havijaachana. Anayeviachanisha ili autoe mguu kwa mkono huwa ameyafungua mabega, na kazi yote inaanza upya.

Kwa wanaocheza bila kanzu ya mchezo, nina onyo moja. Wapo wanaoachana na njia hii wakapiga hatua ya kurudi nyuma, kumzunguka mpinzani kwa kumpa mgongo. Ni njia halali na wakati mwingine ni ya haraka, lakini inamwachia kisigino. Tangu mwaka 2021 IBJJF inaruhusu kukunja kisigino, yaani kukisokota mpaka goti lielemewe, katika mashindano yasiyo ya kanzu kwa watu wazima wa mikanda ya kahawia na myeusi, na ADCC, mashindano makubwa ya kukabana bila kanzu, ilikuwa ikiruhusu tangu zamani. Katika ADCC ya mwaka 2019 kule Anaheim, Lachlan Giles wa Australia, mtu wa kundi la kilo 77, aliingia katika kundi la wazi, lisilo na mipaka ya uzito, na kuwashinda wazito kwa kuvinasa visigino vyao, akamaliza wa 3. Ukiamua kurudi nyuma, hakikisha kwanza magoti yake yamelaliana chini ya uzito wako.

Zoezi la leo ni hili. Mnaanza mguu ukiwa umebanwa na ngao ikiwa imewekwa. Aliye juu haruhusiwi kuutoa mguu mpaka alipate kwapa na augeuze uso wa mwenzake. Akiuchomoa kabla ya hapo, amepoteza hata kama umetoka. Aliye chini anashinda papo hapo akifaulu kuegemea kiwiko na kichwa chake kikafika mbavuni mwa mwenzake. Kila baada ya dakika 3 mnabadilishana, na katika kila jozi aliye mzito zaidi aanze chini.