Mheshimiwa Aliye Hewani

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Nimekuja na mafunzo matatu kuhusu hitilafu za mandhari katika simuleta za treni, lakini kabla ya hayo sina budi kueleza yaliyonikuta wiki hii, kwa sababu Baraka amekuwa akinicheka tangu nilipomtumia picha. Nilipakua njia mpya ya kuendeshea katika Open Rails, simuleta inayotumia njia za mchezo wa zamani wa Microsoft Train Simulator, nikaondoka kituo cha kwanza bila shida yoyote, na nilipoingia kituo cha pili nikalikuta jengo zima jeupe pe, halina dirisha, halina mlango, wala halina hata jina la kituo.

BARAKA: Na wanaotufahamu wamekwisha kubashiri hatua yako ya kwanza, yaani kupandisha mipangilio yote ya michoro hadi mwisho.

SALMA: Safari hii sikugusa mipangilio. Nilifungua faili la kumbukumbu, OpenRailsLog.txt, ambalo mchezo huliandika kwenye eneo-kazi la kompyuta, nalo likanitajia kwa jina picha ya .ace ambayo haikupatikana.

BARAKA: Hapo ulikuwa umekwisha kupata nusu ya jibu. Katika njia za aina hii umbo la jengo hukaa kwenye folda ya SHAPES, likiwa faili la .s, na picha zinazolivisha hukaa kwenye folda ya TEXTURES. Umbo likikosekana, jengo halionekani kabisa na unabaki na uwanja mtupu. Umbo likiwapo na picha ikakosekana, ndipo unapata hilo jeupe lako. Kwa hiyo weupe wenyewe ulikuwa unakuambia kwamba umbo liko salama, na kwamba hukuwa na haja ya kusakinisha upya njia nzima.

SALMA: Nusu ya pili ilikuwa katika historia. Microsoft Train Simulator ilipotoka mwaka 2001 ilikuja na njia sita, mojawapo ikiwa ile ya Settle hadi Carlisle huko Uingereza, na watu wa kujitolea waliotengeneza njia zao baadaye walitumia nyumba, miti na uzio wa njia hizo. Hawakuwa na ruhusa ya kuzigawa upya, hivyo ndani ya kifurushi waliweka faili dogo la amri ambalo hunakili vitu hivyo kutoka kwenye nakala yako mwenyewe ya mchezo wa zamani. Faili hilo likiutafuta mchezo huo mahali ambapo haupo, halinakili kitu, dirisha lake jeusi linafunguka na kufunga kabla hujasoma neno, nawe unadhani kazi imekwisha. Nililielekeza kwenye folda iliyo sahihi, na kituo kikavaa nguo zake. Kisha nikabonyeza 8 kupata kamera huru, nikaanza kuruka kando ya reli kutafuta kama kuna jengo jingine jeupe, na hapo ndipo nilipomwona.

BARAKA: Mheshimiwa.

SALMA: Ng'ombe, wasikilizaji. Ng'ombe mmoja wa madoadoa, amesimama hewani kama mita mbili juu ya malisho, kwato zote nne zimetulia juu ya hewa tupu. Baraka ndiye aliyempa jina hilo.

BARAKA: Jina linamstahili. Yuko juu, anawatazama wananchi kwa chini, hashuki, na treni ikipita hana habari nayo.

SALMA: Tuendelee na somo la kwanza.

BARAKA: Tutaendelea vipi wakati Mheshimiwa bado yuko angani? Swali lake ni zuri kuliko somo lako, uniwie radhi. Kwanza niambie, ulipomkaribia alishuka?

SALMA: Hakushuka. Najua unakoelekea. Baadhi ya michezo hurahisisha ardhi iliyo mbali ili kompyuta isilemewe, kilima kikabonyea kidogo, na vilivyo juu yake vikaonekana vinaelea mpaka utakapokaribia. Ingekuwa hivyo, angetua nilipofika chini yake. Nilisimama chini ya tumbo lake na bado alikuwa juu.

BARAKA: Basi swali la pili. Njia hiyo ina ng'ombe wengine wa umbo hilo hilo?

SALMA: Wapo, upande wa pili wa mto, nao wamesimama vizuri kwenye majani.

BARAKA: Umeona? Wangeelea wote, lawama ingekuwa ya umbo, kwa maana kwamba aliyelichora aliweka kitovu chake, yaani nukta inayowekwa ardhini, chini ya kwato. Kwa kuwa wenzake wamesimama vizuri, umbo halina kosa, na kilichopotoka ni mahali alipowekwa Mheshimiwa peke yake.

SALMA: Au ardhi iliyo chini yake. Ulimwengu wa njia hizi umekatwa vigae vya mita 2048 kwa mita 2048, na ndani ya kila kigae urefu wa ardhi hupimwa kila baada ya mita 8. Mtengenezaji akishasimamisha ng'ombe kisha akarudi kulainisha mteremko kwa ajili ya reli, ardhi inashuka na ng'ombe anabaki pale pale, kwa sababu urefu wa ardhi huandikwa katika faili moja na urefu wa ng'ombe katika faili jingine, wala hakuna linalolijulisha mwenzake.

BARAKA: Kwa maneno mengine, Mheshimiwa hakupanda, ni wananchi walioshushwa.

SALMA: Baraka.

BARAKA: Nimenyamaza. Lakini ufumbuzi ni mwepesi. Ukiwa na kamera karibu naye, bonyeza F5, kisha Shift na F5 upitie kurasa za taarifa mpaka upate namba za kigae. Namba hizo ndizo jina la faili ndani ya folda ya WORLD, lile linaloanza na w na kufuatiwa na alama za kujumlisha au kutoa. Ndani yake utakuta jina la umbo la ng'ombe, na chini yake neno Position lenye namba tatu kwenye mabano. Namba ya kati ndiyo urefu. Ipunguze kwa mita mbili, hifadhi, Mheshimiwa ametua. Faili likifunguka likiwa herufi zisizosomeka, limebanwa, hivyo litanue kwanza. Na unapohifadhi, baki kwenye Unikodi, yaani mfumo wa herufi uliotumika kuliandika, la sivyo mchezo hautalisoma na kigae kizima kitabaki bila vitu. Asiyependa kuhariri maandishi atumie TSRE5, programu ya kuhariri njia, amshike ng'ombe kwa kipanya na kumshusha.

SALMA: Yote hayo ni kweli na sitayafanya. Faili la dunia ni kazi ya mtu. Nikiligusa, nakala yangu inakuwa njia nyingine ambayo ninayo mimi peke yangu. Kesho mtengenezaji akitoa marekebisho, ama yatafuta mkono wangu ama yatagongana nao, na nikimwandikia kuhusu ishara iliyopotea hatajua kama hitilafu ni yake au yangu. Kilicho sahihi ni kumwandikia, kumpa namba ya kigae, na kusubiri.

BARAKA: Kumsubiri nani? Njia nyingi tunazoendesha zilitengenezwa miaka ya mwanzo ya mchezo ule, na wenyewe hawajibu tena. Nakili faili la asili, liweke pembeni, rekebisha lako. Ng'ombe si ishara wala swichi ya reli, hajaunganishwa na hifadhidata ya njia, yaani orodha ya reli na alama zake, hivyo kumshusha hakuvunji chochote.

SALMA: Leo ni ng'ombe. Wiki ijayo utasema uzio ni uzio tu, kisha jukwaa, na jukwaa lina alama zake katika hifadhidata. Mazoea ndiyo ninayoyaogopa.

BARAKA: Mimi naogopa zaidi mazoea ya kutazama kasoro iliyo mita mbili juu ya macho yangu na kuandika barua.

SALMA: Njia hii ilipata marekebisho si muda mrefu uliopita, kwa hiyo ina mwenyewe.

BARAKA: Ana muda wa kumshughulikia ng'ombe mmoja?

SALMA: Hilo ni lake kuamua, si langu.

BARAKA: Basi Mheshimiwa ataendelea na muhula wake.

SALMA: Ataendelea, kwenye kompyuta yangu. Kwako mfanye utakavyo. Muda umetutupa mkono na sijafungua hata somo la kwanza. Lilikuwa linahusu lami na sakafu za jukwaa zinazometameta unapozitazama kwa mbali.

BARAKA: Hilo nalimaliza kwa pumzi moja. Nyuso mbili zimelala usawa mmoja, kadi ya michoro inashindwa kuamua ipi iko mbele, na kwa kuwa usahihi wa kupima kina hupungua kadiri kitu kinavyokuwa mbali...

SALMA: Pumzi imekwisha, na hukufika kwenye dawa yake. La pili na la tatu, yaani umbali wa kuona na miti yenye fremu nyeupe, hayajaguswa kabisa. Wanaotuletea maswali, tafadhali msitume picha ya skrini peke yake. Ambatisheni faili la kumbukumbu la safari ile ile mliyoiona hitilafu, kwa sababu mkifungua mchezo tena linaandikwa upya.

BARAKA: Na mtaje toleo la Open Rails mnalotumia.