Barnaba Alimfuata Sauli Tarso

Bwana Yesu asifiwe! Bwana asifiwe tena!

Wapendwa, tufungue Warumi sura ya 12, mstari wa 15. "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Hapo kuna amri mbili, na leo sitazunguka: ile ya kulia tunaiweza, ile ya kufurahi inatushinda.

Tujitazame wenyewe. Akifiwa mtu hapa mtaani, jua halijazama turubai limeshafungwa, kina mama wako jikoni na masufuria, vijana wameshika majembe, mweka hazina wa jumuiya anapita na daftari la rambirambi. Hilo ni jambo jema, na naomba Mungu lisipungue kwetu kamwe. Sasa mtu yuleyule, badala ya kufiwa, amehamia kwake. Anaandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: "Wapendwa, Mungu ametenda, Jumamosi karibuni tuiombee nyumba." Kimya. Baadaye zinadondoka hongera mbili tatu. Jumamosi wanafika wachache, na katika hao wapo wanaosali huku macho yanahesabu marumaru. Njiani wakirudi wanaanza: "Kwa mshahara gani? Hapana, kuna kitu pale." Wengine wanafika hadi kwa mganga na Freemason.

Kwa nini iwe hivi kwa watu tunaopendana? Mimi naona ni kwa sababu msiba wa mwenzangu haunipimi. Ameanguka, nimeinama kumwinua, nafasi yangu iko palepale. Akipanda yeye, ndipo ninapoanza kujipima: na mimi je? Tena hatujipimi na watu wa mbali. Hakuna hapa anayekosa usingizi kwa ajili ya mali za Dangote. Usingizi unatukimbia kwa ajili ya yule tuliyekaa naye dawati moja, tuliyeanza naye kwaya, wifi yetu, jirani wa ukuta mmoja. Kaini naye hakuhangaika na mtu wa mbali. Alimwua ndugu yake wa tumbo moja. Kijicho kinaishi karibu, ndiyo maana kanisani kinapata makao.

Sasa nataka tukae na mtu mmoja ambaye hatumhubiri vya kutosha. Jina lake alilozaliwa nalo ni Yusufu, Mlawi, mwenyeji wa kisiwa cha Kipro. Mitume walimwita Barnaba. Katika Matendo 11 habari zinafika Yerusalemu kwamba huko Antiokia watu wa mataifa wanaokoka kwa wingi. Antiokia haikuwa kijiji. Katika dola ya Kirumi ulikuwa mji wa tatu kwa ukubwa, baada ya Roma na Aleksandria. Na kazi ile haikuanzishwa na mtume. Waliianzisha watu wa Kipro na Kirene ambao Biblia haikuwataja hata majina. Barnaba anatumwa akakague. Mkaguzi mwenye kijicho angepata mengi ya kuandika: nani aliwapa ruhusa, mbona hawajatahiriwa, mbona sadaka hazijafika makao makuu. Mstari wa 23 unasema alipofika na kuiona neema ya Mungu, akafurahi. Aliona neema, na kwa macho yake ilikuwa neema hata kama haikupitia mikononi mwake.

Lakini mstari wa 25 ndio unaonikamata. Kazi imekua, Barnaba ndiye kiongozi, watu wanamsikiliza. Anafunga safari mpaka mji wa Tarso kumtafuta Sauli, ambaye baadaye anaitwa Paulo. Siyo barua. Anakwenda mwenyewe, mwendo wa siku kadhaa, kumtafuta mtu msomi kuliko yeye, mnenaji kuliko yeye, mtu ambaye akisimama madhabahuni Barnaba atasahaulika. Na ndivyo ilivyokuwa! Soma sura ya 13. Wanaondoka Antiokia wakiitwa "Barnaba na Sauli". Wanapita Kipro, na wanapong'oa nanga kutoka Pafo, Luka, mwandishi wa Matendo, anaandika "Paulo na wenziwe". Barnaba hata jina hatajwi. Ndugu zangu, Pafo iko Kipro. Ni nyumbani kwa Barnaba! Wa pili amekuwa wa kwanza kwenye kisiwa alichozaliwa huyu wa kwanza, penye watu wanaomjua. Na Barnaba akaendelea na safari. Baadaye waligombana kweli, wakaachana, lakini walichogombania ni Yohana Marko, kijana ambaye Barnaba alitaka apewe nafasi nyingine. Nani mkubwa kati yetu, hilo halikuwa ugomvi wao.

Kwa hiyo tusisubiri roho iache kuuma ndipo tukampongeze mtu. Miguu itangulie. Nenda kwenye hiyo Jumamosi, osha vyombo, beba viti, mtaje huyo mtu kwa jina katika maombi yako ya asubuhi, umwombee aongezewe. Inauma mara ya kwanza. Fanya hivyo hivyo.

Na maumivu yenyewe yapeleke kwa Mungu, usiyavalishe nguo za kiroho. Asafu alikuwa kiongozi wa waimbaji mbele za Bwana, tungesema mwalimu wa kwaya, naye katika Zaburi ya 73 anasema waziwazi: "Naliwaonea wivu." Anakiri katika wimbo wa ibada! Anasema alikuwa kama mnyama mbele za Mungu, kisha anaendelea: umenishika mkono wa kuume. Dada unayemlilia Mungu mtoto, ukialikwa kumwona mtoto wa mwenzako ukajisikia kulia, hujafanya dhambi kwa kulia. Hana, mama wa Samweli, kabla hajapata mtoto aliomba akilia hekaluni, na kuhani akadhani amelewa. Mwambie Mungu kwanza, halafu kambebe yule mtoto ukiweza. Leo usipoweza, atabebeka wiki ijayo.

Kuna kaka ameniletea swali kwenye karatasi, nalijibu kabla ya maombi: je, tufurahi na aliyejenga kwa wizi? Hapana. 1 Wakorintho 13 inasema upendo haufurahii udhalimu. Kama una ushahidi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapo, peleka ukiwa umetaja jina lako. Lakini kama ulianza kuutafuta ushahidi siku ile ulipoiona nyumba, basi umemfungulia mwenzako kesi asiyoijua, na Jumapili mnashiriki naye meza moja ya Bwana. Huyo usimwandikie ujumbe. Mfuate kwake wiki hii, kabla ya Jumapili.

Mwingine mwenye swali?