Saa 48 Zinahesabiwa Tangu Kukamatwa

Ndugu zangu wa Busia, Uganda, naanza pale pale ninapoanzia siku zote: saa 48. Ibara ya 23 ya Katiba haikusema siku mbili za kazi. Ukikamatwa, saa 48 zisipite hujafikishwa mahakamani. Jumamosi na Jumapili zimo.

Nilimtetea kijana wa boda boda. Alikamatwa Ijumaa jioni, eti pikipiki ni ya wizi. Daftari la kituo, na kituo sikitaji, likasema Jumatatu. Nikalipeleka dirishani. Pale penye siku, wino wa kwanza ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe, karatasi imebaki nyembamba hadi mwanga unapenya. Siku tatu za mtu, zimekwanguliwa! Maelezo yake yako kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, na chini kuna dole gumba. Nikamuuliza, "Walikusomea?" Akajibu, "Wakili, waliniambia nikiweka dole naenda nyumbani." Akaenda rumande.

Sasa tunaambiwa waendesha mashtaka waongoze upelelezi tangu mwanzo. Naunga mkono. Ibara ya 120 ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kuwaelekeza polisi wachunguze tangu 1995. Lakini anayeongoza upelelezi aongoze na lile daftari! Kabla hajauliza ushahidi uko wapi, aulize huyu mtu yuko ndani tangu lini. Asipouliza, atakuwa polisi wa pili mwenye suti, na mshtakiwa atakuwa amepoteza mtu wa mwisho wa kulikagua faili kwa macho mapya.

Kuna mzee atasema natetea wezi. Mzee wangu, ile kesi ilikufa, na mwenye pikipiki hajamjua mwizi wake hadi leo. Lile dole gumba lilimsaidia nini? Waliacha kutafuta siku ile ile walipolipata. Na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inamfungulia hakimu njia ya kubatilisha kesi nzima, haki zisizoondoleka, yaani zile ambazo haziwezi kusimamishwa kwa sababu yoyote, zikivunjwa.

La kuonyeshwa ushahidi mapema, na la mkalimani wa bure chini ya Ibara ya 28, muda umenibana, tutayarudia.

Ila mtu wako akikamatwa usiku wa leo, andika saa kwenye simu yako hapo hapo. Asubuhi nenda kituoni, umwombe afisa wa zamu akuonyeshe saa waliyoandika wao. Akikuambia bondi, yaani kuachiwa na polisi kwa ahadi ya kurudi, ina bei, mwambie bondi ya polisi ni bure, na uniite.