Viti Vitatu vya Nobel

NEEMA: Mbukwenyi! Karibuni tena. Tupo Dodoma, upepo wa leo unapiga mabati kama umetumwa, kwa hiyo mkisikia kelele mtuvumilie. Mimi ni Neema, mwalimu wa fizikia sekondari, na mwenzangu ni yule yule.

YOHANA: Yohana, fundi sola. Leo nimekuja na mfuko.

NEEMA: Shikamoo kwanza, fundi.

YOHANA: Marahaba, mwalimu. Umewasalimia wasikilizaji kabla ya mkubwa wako, nimeona.

NEEMA: (kicheko) Nisamehe. Haya, kuna msikilizaji wa Kongwa katuuliza: hizi tuzo kubwa wanazopewa watafiti wa nishati, wa sola, wa betri, wa hizi maada mpya za maabara, sisi zinatusaidia nini?

YOHANA: Swali la kuudhi. Ndiyo maana nimelipenda. Shika hii.

NEEMA: Balbu ya LED.

YOHANA: Imetoka kwenye taa ya sola ya mama mmoja wa Chamwino. Kava limepasuka, ndani nzima. Unaona hivi vidonge vya njano kwenye sahani? Nachukua sindano, nakwangua njano ya kidonge kimoja, taratibu… Sasa nawasha.

NEEMA: Eh! Jamani, kidonge kimoja kimekuwa bluu. Bluu kali kabisa. Vile vingine bado vinatoa mwanga mweupe.

YOHANA: Usikikazie macho. Sasa eleza, wewe ndiye mwalimu.

NEEMA: Ndani ya taa nyeupe ya LED kuna taa ya bluu. Ule unga wa njano unameza sehemu ya mwanga wa bluu na kuutoa ukiwa njano. Bluu iliyobaki na njano zikifika machoni pamoja, tunaona weupe. LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960, lakini bluu iliwashinda watu karibu miaka 30. Ilibidi wapatikane watu wa kuotesha fuwele safi za galiamu naitraidi, maada ya kutengenezea LED hiyo, na wengi walishaikatia tamaa. Wajapani watatu wakaiweza: Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura. Wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2014.

YOHANA: Huyo Nakamura ndiye ninayemtaka. Waambie kampuni yake ilimpa nini.

NEEMA: Bonasi ya yen 20,000. Kwa wakati huo haikufika dola 200.

YOHANA: Dola 200! Kwa kitu kilichoondoa vibatari vijijini. Wale watoto wa Bahi wanaosoma usiku bila moshi wa mafuta ya taa, huyo bwana ana mkono wake pale. Kapewa hela ya betri moja, tena ndogo.

NEEMA: Akaenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo ikasema alipwe yen bilioni 20. Kampuni ikakata rufaa, mwaka uliofuata wakamalizana kwa zaidi ya yen milioni 800. Nobel ikaja miaka tisa baadaye.

YOHANA: Kwa hiyo hakimu alimtambua kabla ya Nobel. Kamati ya Nobel ilikuja kupiga makofi tu.

NEEMA: Fundi, hapana. Bila Nobel mimi nisingemjua, na wanafunzi wangu wasingemjua. Makofi nayo yana kazi.

YOHANA: Makofi hayanunui kifaa. Endelea, nina kingine mfukoni.

NEEMA: Ni nini hicho? Kimefungwa kwenye mfuko wa Azam.

YOHANA: Betri ya simu iliyokufa. Niliifungua mwenyewe, nje, na mchanga pembeni, kwa sababu lithiamu ikikasirika inawaka. Msikilizaji, usijaribu nyumbani. Nikisema usijaribu namaanisha usijaribu. Tazama, kuna karatasi nyembamba ya shaba, imepakwa unga mweusi. Pitisha kidole.

NEEMA: Kimekuwa cheusi, tena kinateleza.

YOHANA: Hicho ni kinywe, yaani grafiti. Madini yale yale ya Mahenge, pale Morogoro, ambayo kila mkutano wa madini wanayataja.

NEEMA: Hapo umenipeleka ninapopapenda. Nobel ya kemia ya 2019 ilikwenda kwa watu wa betri za lithiamu. Stanley Whittingham alianza miaka ya 1970. John Goodenough, mwaka 1980, akiwa Oxford, akaja na kobalti oksaidi upande wa chanya, umeme ukapanda. Halafu Akira Yoshino wa Japani, mwaka 1985, akatengeneza betri ambayo mtu anaweza kukaa nayo chumba kimoja bila hofu. Sony wakaiingiza sokoni 1991. Goodenough alipewa tuzo akiwa na miaka 97. Hakuna aliyewahi kupata Nobel akiwa na umri huo.

YOHANA: Miaka 97! Kwetu angekuwa anaitwa kubariki harusi.

NEEMA: Na alikuwa bado anakwenda maabara. Amefariki 2023 akiwa na miaka 100. Maabara yake ndiyo iliyotoa pia ile betri ya chuma na fosfeti, miaka ya 1990.

YOHANA: Hiyo naifunga kila wiki. Haina joto la hovyo, na inadumu. Wateja wanaiita lithiamu tu, wanadhani ni aina moja. Lakini mwalimu, huo unga mweusi kwenye kidole chako hujamtaja mwenyewe.

NEEMA: Ndiyo nakuja. Yoshino alitumia koki, siyo ya bomba, ni mabaki ya kaboni yanayotokana na mafuta ya petroli. Kinywe kilikuja kushika nafasi hiyo baadaye, na aliyeonyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia kwenye kinywe na kutoka, kuingia na kutoka, bila kukivunja, ni Rachid Yazami. Amezaliwa Fez, Moroko, mwaka 1953. Kazi hiyo aliifanyia Grenoble, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

YOHANA: Mwafrika.

NEEMA: Mwafrika. Mwaka 2014 wahandisi wa Marekani walitoa Tuzo ya Draper kwa watu wanne wa betri: Goodenough, Yoshino, Yoshio Nishi na Yazami. Ilipofika Nobel, kanuni zinasema tuzo moja haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Viti vitatu. Yazami hakukaa.

YOHANA: Na kinywe chake kipo kwenye simu ya kila anayetusikiliza sasa hivi.

NEEMA: Sisemi alidhulumiwa, Whittingham naye hakuwemo kwenye ile ya Draper. Kila tuzo ina mtu wake anayeachwa mlangoni. Kinachoniuma ni kwamba nimefundisha betri miaka yote hii na hakuna kitabu cha kidato kilichonitajia Yazami. Nobel ilimwacha, sawa. Sisi je, nani alitukataza kumtaja?

YOHANA: Hapo umesema. Kanuni ya viti vitatu ni ya Stockholm, kwa wenye Nobel. Haijafika Dodoma.

NEEMA: Na wa hapa nyumbani? Dokta Askwar Hilonga, mtoto wa Gongali kule Karatu. Kasomea Korea Kusini, karudi kufundisha Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela. Akachukua chujio la mchanga, lile la kawaida, akaliongezea maada za nano, chembe ndogo mno, na akawa analipanga kulingana na maji ya mahali. Maji ya kwako yana floridi, linapangwa la floridi. Yana vijidudu, linapangwa hivyo.

YOHANA: Floridi tunaijua. Nenda baadhi ya vijiji vya Singida, tazama meno ya watoto, yana madoa ya kahawia. Mzazi anadhani mtoto hapigi mswaki.

NEEMA: Mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kutolewa. Pauni 25,000.

YOHANA: Ya Uingereza.

NEEMA: Najua unakoelekea.

YOHANA: Sikwendi popote, nimesema tu ya Uingereza. Mtu anatengeneza chujio Arusha kwa ajili ya maji ya Arusha, halafu tunamjua kwa sababu London wamempigia makofi. Chujio lilikuwa linachuja hata kabla ya hapo.

NEEMA: Lakini MAKISATU nayo ipo, fundi. Mashindano yale ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yalianza 2019, tena hapa hapa Dodoma. Na yana kundi la mfumo usio rasmi. Mtu kama wewe, bila digrii, anasimama na kitu chake mbele ya waziri.

YOHANA: Hilo nakubali, na ni zuri. Nilikwenda kutazama. Shida yangu ni siku ya pili yake. Umepewa cheti, umepigwa picha, umerudi gereji kwako na nondo zako zile zile. Nani anakuja kununua ulichotengeneza? Nani anakupa mashine ya kupimia? Mimi nikipewa nafasi ya kumheshimu mtafiti, nampa vifaa kwanza. Tuzo baadaye, hata akiwa na miaka 97.

NEEMA: Asipojulikana, nani atampa vifaa? Mwenye fedha anasaidia jina alilolisikia.

YOHANA: Ngoja nikupe kisa. Kuna kijana wa chuo, jina silitaji, alikuja dukani kwangu Majengo. Anafanya utafiti wa vumbi kwenye paneli. Utafiti wa maana, maana Dodoma hii kiangazi paneli inavaa koti. Hana mita. Hana paneli. Hana paa. Nikampa vyote vitatu. Paneli mbili zinazofanana, moja anaifuta kila asubuhi, nyingine anaiacha. Kila saa sita mchana yupo juu ya bati, bati linachoma, anaandika kwenye daftari. Mpaka mimi mwenyewe nikaanza kupanda kuangalia mita, maana tofauti ilikuwa inaonekana.

NEEMA: Na sasa hivi wateja unawaambia wafute?

YOHANA: Kila mteja. Alfajiri, kwa maji, kioo kikiwa cha baridi. Siyo mchana, unaweza kukipasua. Sasa sikiliza. Nilimwambia kijana, ukiandika kitabu chako, niandike. Akaandika. Akaniletea nakala. Nikafungua ukurasa wa shukrani, nikapita Mungu, nikapita wazazi, nikapita msimamizi, nikafika: "na fundi mmoja wa mtaani".

NEEMA: (kicheko kirefu) Hapana!

YOHANA: Fundi mmoja! Wa mtaani! Mita yangu, paa langu, chai yangu!

NEEMA: Fundi, wewe ndiye Yazami wa Majengo.

YOHANA: Yazami angalau ana Draper.

NEEMA: Haya. Nikupe mmoja wa mwisho, wa mwaka 2025, Nobel ya kemia. Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi. Yaghi ni mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina, kazaliwa Amman, Jordan, nyumba ya chumba kimoja isiyo na umeme wala bomba. Wametengeneza maada zenye vyumba vidogo vidogo ndani, atomu za metali kwenye kona, molekuli za kaboni zikiwa nguzo. Gramu chache tu, ukitandaza kuta za ndani zote, unafunika uwanja wa Jamhuri.

YOHANA: Zinafanya nini?

NEEMA: Mambo mengi, kunasa kaboni dayoksaidi, kuhifadhi gesi. Lakini moja ni ya kwetu. Usiku unga unanyonya mvuke wa maji kutoka hewani, hata hewa kavu. Mchana jua linaupasha, mvuke unatoka, unapoa, unakuwa maji. Yaghi na wenzake wamejaribu jangwani Arizona, yakatoka maji ya kunywa bila umeme.

YOHANA: Hewa kavu na jua kali. Umeitaja Dodoma.

NEEMA: Nimeitaja Dodoma ya Septemba.

YOHANA: Inajaza ndoo?

NEEMA: Kwenye yale majaribio ya mwanzo, tuseme glasi.

YOHANA: Glasi. Kilo moja ya huo unga bei gani?

NEEMA: Ghali kwa sasa.

YOHANA: Basi mwambie profesa, akifika kwenye ndoo aje Majengo, nina paa. Ila safari hii jina langu liandikwe kabla sijatoa ngazi.