Tumbo Ndilo Linalosema Zaidi

Ndugu zangu matabibu na wauguzi, naanza na lile lile ambalo wanafunzi wangu wamelisikia hadi wamelichoka. Neva ya vagasi inatoka kwenye shina la ubongo, inapita shingoni na kifuani hadi tumboni. Karibu asilimia 80 ya nyuzi zake kazi yake ni kupandisha habari juu, kwenye ubongo. Zinazoshusha amri ni chache. Kwa hiyo vipimo vikitoka safi, msimwambie mgonjwa anayelia na tumbo, "Hayo ni mawazo yako tu, mama." Nimelisema hili miaka mingi na bado nalisikia wodini.

Chukueni kidole tumbo. Kijana anakuja asubuhi, anazungusha kiganja kitovuni: "Dokta, ni hapa hapa." Ukimbonyeza chini kulia, anavumilia. Unampa dawa ya minyoo anaondoka. Usiku analetwa amejikunja, na sasa anaonyesha kwa ncha ya kidole, chini kulia, ukigusa tu anaruka. Je, asubuhi alidanganya? Hata kidogo! Neva za maumivu za kidole tumbo hufuatana na zile za simpathetiki, yaani neva zinazoendesha viungo vya ndani bila sisi kuamua, zikaingia uti wa mgongo usawa wa neva ya kumi ya kifua. Hapo hapo ndipo zinapoingia neva za ngozi ya kitovu, na ubongo umezoea kupata habari za ngozi, basi unaelekeza maumivu kitovuni. Baadaye uvimbe unapogusa utando wa ukuta wa tumbo, zinaamka neva nyingine zinazojua mahali barabara. Kijana alisema kweli mara zote mbili. Sisi ndio hatukumsikiliza.

Najua kuna atakayesema: huyo ana uvimbe, mimi mgonjwa wangu kapigwa ultrasaundi na kipimo cha kamera, hakuna kitu. Sawa, lakini kamera inaona ukuta wa utumbo, haioni neva inavyofanya kazi. Utumbo ukikatwa mgonjwa yuko macho, huenda asisikie lolote. Ukijazwa hewa ukavutika, atalia. Na baada ya kuhara vibaya, neva hizo zinaweza kubaki zimeamka kwa miezi, gesi kidogo tu ya maharage ikatosha kumlaza mtu chini. Maumivu hayo ni ya kweli.

Muda unanikimbiza. Mwaka 2018 watafiti wa Duke University walionyesha kwamba kwenye utumbo wa panya zipo seli zilizoungana moja kwa moja na vagasi, zinazopasha habari za sukari kwa milisekunde, bila kungoja homoni isafiri kwenye damu.

Lakini hili la wodi ya saratani siliachi. Sisiplatini, dawa ya saratani, hufanya seli za utumbo zimwage serotonini, kemikali ya kupasha habari, vagasi inachokozwa, mgonjwa anatapika. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, huziba pale serotonini inapoishika neva. Basi mpeni kabla ya dripu kuanza, msingoje hadi ashike beseni.