Mdomo Nao Ufanyiwe Mazoezi

Maafande, wakufunzi wenzangu, asanteni kwa kunipokea hapa Masindi.

Kuruta tunamfundisha kwata mpaka miguu inageuka kabla kichwa hakijafikiri. Bunduki anaifungua na kuiunga amefumba macho. Lakini maneno ya kumtuliza mtu mwenye hasira tunayaandika ubaoni, anayanakili, basi. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka afundishwe pia kushawishi na kupatanisha. Hayo hayaingii mtu kwa kunakili.

Mpelekeni kwenye kizuizi cha barabara saa nne usiku. Boda boda inakuja mbio, imembeba mama aliyeshikwa na uchungu. Dereva anapiga kelele kwa Kiganda. Askari wetu ni wa Arua, Kiganda anakiokoteza tu. Moyo unamdunda, macho yameganda kwenye mikono ya dereva, masikio hayapokei anachoelezwa. Ndivyo mwili ulivyo ukihisi hatari. Daftari liko kambini. Kinachomtoka ni kile alichozoea: amri, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kwata.

Hapa pananiuma. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi yetu, Uganda, tangu Katiba irekebishwe mwaka 2005, nami nakipenda. Lakini wapo wazee wetu waliokisikia mdomoni mwa mwanajeshi mwenye bunduki, enzi za Amin. Ukimfokea mzee huyo "Kaa chini!", kinachomfikia si neno, ni miaka ile.

Ndiyo maana nang'ang'ania igizo dhima. Tuweke kizuizi uwanjani, tuwashe taa za gari, mmoja awe dereva, mwingine mama, wengine wapita njia wanaorekodi kwa simu. Bunduki ziwe za mbao, na kila anayeingia apekuliwe na watu wawili, mkufunzi asiachwe. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni inatosha kuua. Kuruta akikosea, tusimcheke. Tusimamishe, tumuulize aliona nini na alisikia nini, arudie mpaka amalize vizuri. Asiende kulala na kosa lake.

Kisha wabadilishane: askari apande boda. Mimi nilipanda. Mwenzangu niliyefanya naye kazi miaka mingi alinimulika tochi usoni, akanifokea nitoe kitambulisho. Nilijua ni igizo, nilimjua hata jina la mwanawe, na bado nilipapasa mifuko yote nisikione. Yeye aliona mtu anayepeleka mkono kiunoni.

Alasiri tutaanza na hilo. Wanaojua Kiganda, Kiacholi na Kinyankole wakae mbele, tukubaliane kila lugha inasemaje: "Ndugu, pole, tutakusindikiza hospitali." Tutalisema kwa sauti, taa zikiwa usoni, hadi litoke lenyewe.